Je, wajua kwa nini mbegu za bilinganya moja huzaa bilinganya zisizofanana?

Mkulima wa bustani kando ya ziwa, tuseme kule Igombe, nje ya katikati ya jiji la Mwanza, hununua mbegu chotara kwenye duka la pembejeo na kuvuna bilinganya ndefu, nyeusi, zinazong'aa, zote zikifanana kama pacha. Tunda moja huliacha shambani hadi ngozi yake igeuke manjano, akatoa mbegu na kuzipanda msimu unaofuata; ndipo anapoona shina moja limezaa zambarau, jingine kijani, na la tatu vijitunda vifupi vyenye miiba. Wengi hudhani waliuziwa mbegu bandia, na hapo humlaumu muuzaji bure.

Chotara ni mtoto wa wazazi wa koo mbili tofauti, hivyo kwa sifa nyingi hubeba nakala mbili zisizofanana za jeni, yaani maelekezo ya sifa ambayo mmea hurithi kwa wazazi. Tuchukue rangi, kwa mfano rahisi kabisa: nakala moja ikiweza kutengeneza zambarau na nyingine isiweze, ile inayoweza hutawala, na matunda yote ya chotara huwa zambarau. Lakini ua la bilinganya aghalabu hujichavusha lenyewe, na nakala hizo zikigawanywa upya, takriban mmea mmoja kati ya minne hupata zile mbili zisizoweza, nao huzaa tunda la kijani au jeupe. Uzito na urefu huongozwa na jeni nyingi kwa pamoja, kwa hiyo huko hesabu hii nyepesi haifanyi kazi.

Ukifika soko la Kirumba, inua ukingo wa kofia ya kijani inayoshika tunda. Katika baadhi ya aina utakuta ngozi iliyofichwa ni nyeupe, kwa kuwa zambarau yake haitengenezwi bila mwanga. Aina nyingine hupata rangi hata gizani. Tofauti ndogo kama hizo ndizo anazofanyia kazi mzalishaji wa mbegu.

Yeye huchagua mmea mmoja mmoja, huziba maua yake nyuki wasilete chavua ya jirani, kisha hurudia kwa vizazi 6 au 7, maana katika kila kizazi cha kujichavusha nakala zisizofanana hupungua kwa nusu. Kosa kubwa, nami nimelisisitiza kila nilipopata nafasi, ni kuchukua mbegu kwenye shina lililonona kwa sababu tu limeota karibu na bomba la maji ya ziwa: unene huo umetokana na maji, na watoto hawataurithi. Ndiyo maana mimea inayoshindanishwa hupandwa katika udongo uleule, kwa maji yaleyale, na kurudiwa katika vitalu kadhaa. Wanaotafuta ukinzani dhidi ya mnyauko bakteria, ugonjwa wa bakteria unaonyausha mmea, huipanda makusudi kwenye udongo wenye ugonjwa, na mbegu huchukuliwa kwenye mashina yanayobaki yamesimama.