Mstaafu asikilizwe kabla pensheni yake haijafutwa

Hapa Zanzibar, tume ya kuchunguza orodha ya wanaolipwa pensheni ikishakabidhi ripoti, wengi huona jambo limekwisha. Majina fulani yametajwa kuwa na kasoro, mwezi unaofuata fedha haziingii, na mstaafu anapata habari zake kwenye dirisha la benki. Utaratibu huo ni kosa kisheria, hata kama tume imefanya kazi nzuri, na hata kama kweli wapo waliokuwa wakichukua fedha zisizo zao.

Tume huchunguza na kupendekeza, haimhukumu mtu. Ibara ya 12 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyengine ya kisheria. Ibara hiyo haikuishia mahkamani. Inamfunga pia ofisa anayeamua nani abaki kwenye orodha ya pensheni.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu wa Wete. Faili lake la ajira linasema amezaliwa 1951, kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kinasema 1954, na jina la babu ni Hamad huku, Hamadi kule. Kwenye kompyuta anaonekana ni watu wawili, au mtu mmoja aliyedanganya umri. Lakini majibu anayo: barua yake ya kwanza ya ajira imo kabatini, waliosoma naye wapo, na sheha anamjua tangu ujana wake. Wachunguzi wanaofanya kazi na orodha ya majina tu watayajuaje hayo bila ya kumuuliza? Kwetu, ambako majina matatu yaleyale hujirudia katika shehia moja, kuuliza ndiyo nusu ya uchunguzi.

Barua inayosema "pensheni yako imefutwa kufuatia ripoti" haitoshi. Mstaafu anatakiwa aelezwe, kabla ya uamuzi, yeye binafsi anatuhumiwa nini, apewe sehemu ya ripoti inayomhusu, apate muda wa kweli wa kukusanya vielelezo, na asikilizwe na mtu ambaye hajaamua tayari. Baadaye apewe sababu kwa maandishi.

Msingi huu una historia ndefu. Mwaka 1958 mkuu wa polisi wa mji wa Brighton, Uingereza, Charles Ridge, alifukuzwa kazi bila ya kuitwa kujieleza, siku chache baada ya kuachiwa huru na mahkama, na kwa kufukuzwa huko akapoteza pensheni. Mwaka 1963 mahkama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kuwa uamuzi ule ulikuwa batili. Marekani nako, mwaka 1970, Mahkama ya Juu ilisema mtu anayeishi kwa msaada wa serikali asikatiwe kabla ya kusikilizwa, kwa sababu akingoja rufaa atakula nini? Kwa mzee anayetegemea Pensheni Jamii, malipo ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, swali hilo ni lile lile.

Serikali ina wajibu wa kulinda fedha za umma, na pakiwa na dalili nzito za wizi inaweza kusimamisha malipo kwa muda mfupi. Lakini kusimamisha kusigeuke kufuta kimyakimya, mwezi juu ya mwezi, bila ya tarehe ya kusikilizwa.

Ukipokea barua ya namna hii, andika juu yake tarehe uliyoipata na uitunze hata bahasha. Usitie saini karatasi ya kukiri usiyoielewa. Omba kwa maandishi sababu na sehemu ya ripoti inayokuhusu, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Kisha mwone msaidizi wa sheria wa eneo lako, au ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kesi ikifika Mahkama Kuu, jaji hatoamua kama unastahili pensheni. Ataangalia kama ulitendewa haki katika kuamuliwa, na kama hukutendewa, anaweza kuutengua uamuzi na kuurudisha ukaanze upya. Maombi ya kutengua uamuzi yana muda wake wa kupelekwa mahkamani, kwa hiyo usikae ukasubiri mwezi ujao.