Anemoni Mmoja au Ukoo Mzima?

Duniani kuna zaidi ya spishi 1,000 za anemoni wa bahari, wanyama laini wenye minyiri wanaojishika miambani, lakini zinazowapa makao samaki wadogo wa jamii ya Amphiprion (kwa Kiingereza clownfish) ni kama 10 tu. Hizo 10 zote ziko Bahari ya Hindi na Pasifiki. Hesabu hiyo ya 10 ilipatikana kwa kutazama maumbo: minyiri mirefu au mifupi, shina la rangi gani, lina vipele au halina. Tukisoma jeni, picha inabadilika.

Anayepiga mbizi nje ya Nyali au Kisite, pwani ya Kenya, bahari ikiwa shwari atawaona wapangaji wawili wakuu. Amphiprion akallopisos ana rangi ya chungwa iliyopauka na mstari mweupe mgongoni. Amphiprion allardi ni wa hudhurungi, na ubavuni ana mistari miwili mipana myeupe. Akallopisos hupenda anemoni aitwaye Heteractis magnifica. Sasa ukienda Maldives utamkuta anemoni wa jina hilo hilo, ila mpangaji wake ni samaki mwingine kabisa, Amphiprion nigripes. Ukivuka zaidi hadi Sumatra, akallopisos anatokea tena! Samaki wamekatika vipande, lakini mwenyeji anaandikwa jina moja njia nzima. Hapo ndipo mtu wa jeni anapoanza kuuliza maswali.

Mwaka 2019 uchambuzi wa nasaba ulionyesha kwamba ushirika huu na samaki ulijitokeza mara tatu, katika matawi matatu tofauti ya anemoni. Kwa hiyo "anemoni wa samaki" si ukoo mmoja. Na ndani ya jina moja, hasa Entacmaea quadricolor anayepatikana kuanzia kwetu na Bahari ya Shamu hadi Japani na Australia, kuna nasaba zilizojificha ambazo jicho halizitofautishi.

Kazi yenyewe huanzia chini ya maji. Tunakata ncha ya mnyiri mmoja kwa mkasi mdogo, kipande kama punje ya mchele, na kukitia kwenye kichupa cha spiriti kali. Anemoni hujikunyata, kisha huchanua tena. Ncha humea upya. Ugumu unakuja maabara. Ndani ya seli za anemoni wanaishi vimwani vidogo vinavyomlisha kwa mwanga wa jua, kwa hiyo DNA unayoitoa ni mchanganyiko wa mnyama na vimwani, na lazima utenganishe. Halafu jeni ya mitokondria (sehemu ya seli inayozalisha nguvu) inayotumika sana kutambua samaki, kwa anemoni hubadilika polepole mno. Spishi mbili zinaweza kufanana herufi kwa herufi. Ndiyo maana tunasoma maelfu ya sehemu za jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, badala ya jeni moja.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi kuliko majina. Entacmaea na magnifica huzaana kwa mayai na mbegu, lakini pia hujigawa: mmoja anachanika katikati, wanakuwa wawili, jeni zile zile. Ukiona kundi limejaa jiwe zima, minyiri imevimba nchani, usihesabu vichwa ukaridhika. Huenda wote ni mmoja aliyejigawa tena na tena. Maji yakipata joto, kama mwaka 1998 matumbawe yetu yalipokufa kwa wingi, anemoni nao hupoteza vimwani na kuwa weupe, na kundi la jeni moja halina wa kutofautiana na mwenzake katika kustahimili.

Kwa hiyo naomba vikundi vya BMU (vya wavuvi wanaosimamia fukwe zao) na wanaovuna samaki wa mapambo wasikubali kuondoa anemoni wote wa jiwe moja kwa hoja kwamba wamejaa kwingineko. Na kama kuna mpango wa kupandikiza, wachukuliwe wachache wachache kutoka miamba kadhaa ya pwani hii hii, vipande vipimwe kwanza. Anemoni wa kuletwa kutoka nje, hata akiwa na jina lile lile kitabuni, asitiwe kwenye maji ya Mombasa.