Hemu, mfalme wa mwezi mmoja, na stori alizobandikwa

Hemu alikaa kwenye kiti cha ufalme cha Delhi, India, mwaka 1556, kama mwezi mmoja tu lakini stori zake sasa, utadhani alitawala miaka hamsini.

Kuna wanaosema alikuwa mwana wa mfalme. Wapi! Hemu, jina kamili Hemchandra, alikuwa mfanyabiashara wa Rewari, mji wa kaskazini mwa India, inasemekana aliuza shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, ndo akaingia serikalini kwa masultani wa Suri, ukoo wa Kiafghani uliotawala kaskazini mwa India, akapanda vyeo mpaka akawa waziri na jemadari wa mmoja wao, Adil Shah.

Sasa ile inayonichosha kabisa ni hii ya kwamba vita yake na Wamughal, ukoo wa Kiislamu uliokuwa unagombea Delhi naye, ilikuwa vita ya Wahindu na Waislamu. Jamani, bosi wake alikuwa Mwislamu, jeshi lake limejaa Waafghani, na kwenye vita ya mwisho pale Panipat, kaskazini ya Delhi, aliyeongoza upande wake wa kulia ni Shadi Khan Kakkar, Mwislamu, hebu niambie huyo naye alikuwa anapigania dini gani? Watu walikuwa wanagombea Delhi. Humayun, mfalme wa Wamughal, alikufa Januari 1556 baada ya kuanguka kwenye ngazi za maktaba yake, akaacha mtoto wa miaka 13, Akbar, na Hemu akaona nafasi ndo hii, Oktoba 7 akamchapa Tardi Beg, jemadari wa Wamughal, pale Tughlaqabad karibu na Delhi, akavikwa taji akajiita Vikramaditya. Jina la Kihindu la kale, hilo sikatai.

Halafu eti alishindwa kirahisi. Mizinga yake ilishatekwa na Ali Quli Khan, jemadari wa Wamughal, kabla vita ya Panipat haijaanza, na bado Novemba 5 alikuwa anawaelemea Wamughal, yuko juu ya tembo wake Hawai, mara mshale puu, jichoni. Akazimia palepale juu ya tembo, askari wakitazama juu hawamuoni, kila mtu akashika njia yake.

Akbar mwenyewe hata hakuwa mstari wa mbele, aliwekwa nyuma huko. Hemu akakamatwa, na kuhusu nani alimkata kichwa, Abul Fazl na Badauni, waandishi wa historia wa enzi hizo, wanasema Akbar aliambiwa ampige akakataa, mtu mwenyewe keshakuwa nusu maiti, ndo Bairam Khan, mlezi wa Akbar, akammaliza, ila Arif Qandhari, naye wa enzi hizohizo, anasema Akbar alikata. Mi nawaamini wale wawili kidogo zaidi, ingawa Abul Fazl alikuwa mtu wa Akbar, lazima amsafishe.

Kichwa kikapelekwa Kabul, kiwiliwili kikatundikwa getini Delhi.