Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, na pwani inavyoingia humo

Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, ile ambayo lebo yake husomeka Single Malt Scotch Whisky, ni kileo kilichokenekwa (yaani kilichochemshwa na mvuke wake kupozwa) Uskoti, ndani ya kiwanda kimoja tu, kutokana na maji na kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyochipuzwa na kukaushwa, pasipo nafaka nyingine, kwa mikupuo na katika vyungu badala ya mitambo mirefu inayofanya kazi bila kusimama, kisha kikakomazwa humohumo Uskoti kwa miaka isiyopungua mitatu katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700. Masharti hayo si desturi tu, bali yamo katika kanuni za Uingereza za mwaka 2009, ambazo pia zinataka alkoholi isipungue asilimia 40 na haziruhusu kuongezwa chochote isipokuwa maji na rangi ya karameli.

Kinachohesabiwa hapo ni kiwanda, si pipa wala mwaka. Mtengenezaji anaweza kuchanganya mapipa mia moja ya umri tofauti na bado chupa ikastahili jina hilo, mradi yote yametoka kiwandani kwake. Akitaka kuandika umri, sheria inamlazimu kutaja umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo. Johnnie Walker, ambayo wanywaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaifahamu zaidi, kwa matoleo yake mengi ni ya kundi jingine, ambamo wiski za kimea kutoka viwanda mbalimbali huchanganywa na wiski za nafaka kama ngano au mahindi. Kuiona ya daraja la chini kwa sababu hiyo peke yake ni majivuno, kwa kuwa kuchanganya vizuri ni ufundi unaojitegemea.

Shayiri hulowekwa na kuachwa ichipue kwa siku chache ili wanga wake uwe tayari kugeuka sukari, kisha hukaushwa, husagwa na kutiwa maji ya moto; majimaji matamu yanayopatikana hutiwa hamira, na baada ya siku mbili tatu huwa kitu kinachokaribiana na bia, chenye alkoholi ya asilimia 8 hivi. Hapo ndipo hukenekwa, kwa kawaida mara mbili. Aliyewahi kuuona mtambo wa gongo ameshaiona kanuni yenyewe; tofauti iko katika vyungu vya shaba, ambavyo huondoa harufu za salfa, na katika ukali wa kuchagua, maana yanayotoka mwanzo na yanayotoka mwisho hutengwa, yakabakizwa ya katikati tu. Kinachopatikana hakina rangi. Rangi na sehemu kubwa ya ladha hutoka katika pipa, ambalo mara nyingi limekwisha kutumika kuhifadhia wiski ya bourbon ya Marekani au mvinyo wa sheri wa Uhispania, na humo takribani asilimia 2 huvukia hewani kila mwaka, fungu ambalo Waskoti husema ni la malaika.

Miongoni mwa viwanda vya pwani, Pulteney ni mfano mzuri kwa sababu kilizaliwa na bahari hasa. Kilianzishwa mwaka 1826 na James Henderson katika mji wa Wick, kaskazini-mashariki kabisa mwa Uskoti bara, kwenye mtaa wa Pulteneytown uliochorwa na mhandisi Thomas Telford kwa ajili ya Jumuiya ya Uvuvi ya Uingereza. Wick ilikuwa bandari kubwa ya heringi, samaki waliotumbuliwa na wanawake na kupangwa kwa chumvi ndani ya mapipa. Mji uliojaa mafundi wa mapipa na wavuvi wenye kiu haukuhitaji kushawishiwa kuhusu wiski. Ajabu ni kwamba kuanzia mwaka 1922 hadi 1947 mji huohuo, kwa kura ya wakazi wake, haukuruhusu uuzaji wa pombe. Katazo lilihusu leseni za kuuza, si kukeneka, hivyo kiwanda kiliendelea hadi kilipofungwa mwaka 1930, kikafunguliwa tena mwaka 1951. Chungu chake kikubwa kina kichwa bapa kisicho na shingo iliyopinda, na husimuliwa kwamba kilipoletwa kilikuwa kirefu kuliko jengo, kikakatwa juu.

Sheria, hata hivyo, haina kundi liitwalo wiski ya pwani. Inatambua maeneo matano, yaani Highland, Lowland, Speyside, Islay na Campbeltown, na Pulteney huhesabiwa katika Highland. Moshi unaohusishwa na wiski za kisiwa cha Islay, kama Laphroaig na Lagavulin, wenye kunukia dawa ya vidonda na mwani, hautoki baharini bali katika udongo mweusi wa kinamasi unaochomwa wakati wa kukausha kimea; Old Pulteney, wiski ya kiwanda cha Pulteney, haitumii kimea cha moshi, na bado wengi huisifu kwa ladha ya chumvi. Chumvi haipandi na mvuke chunguni, na kama hewa ya bahari hupenya pipa kiasi cha kuonjeka ni jambo linalobishaniwa hadi leo. Binafsi naona mnywaji aliyekwisha kuona picha ya mashua kwenye lebo amekwisha kuionja chumvi nusu.

Tuzo nayo inahitaji kusomwa kwa uangalifu huohuo. Old Pulteney ya miaka 21, yenye alkoholi ya asilimia 46, ilitajwa kuwa wiski bora ya dunia katika toleo la 2012 la kitabu cha mwonjaji Jim Murray, aliyeipa alama 97.5 kati ya 100. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu mmoja, tofauti na mashindano ambayo majaji kadhaa huonja bila kuona lebo, na ulihusu wiski hiyo ya miaka 21 pekee. Wiski hiyo imekwisha kuondolewa sokoni. Tangu mwaka 2018 safu ya kiwanda ina matoleo ya miaka 15 na 18 badala yake. Ile ya miaka 12 inayopatikana madukani ni wiski nyingine, yenye asilimia 40, na sifa ya mwaka 2012 haikuwa yake.