Kwa nini bahari haiifuti sumu ya viwandani?

Wengi huamini kwamba bahari, kwa ukubwa wake, huweza kuzimua sumu yoyote inayomwagwa ndani yake. Kwa kitu kinachoyeyuka kama chumvi, dhana hiyo ina ukweli wake. Kwa PCB (polychlorinated biphenyls), kundi la kemikali 209 zenye klorini zilizoanza kutengenezwa kibiashara mwaka 1929 na kutumika sana katika transfoma na kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme), haina mashiko kabisa, kwa sababu ili kitu kizimuliwe na maji ni lazima kwanza kikubali kuyeyuka, na PCB hukubali kwa shingo upande. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979, Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa dhidi ya kemikali za sumu zinazodumu, ukafuata mwaka 2001, lakini tope la bandari ya New Bedford, Massachusetts, ambako viwanda vya kapasita vilizimwaga kuanzia miaka ya 1940, limeendelea kuzihifadhi.

Suuza bakuli la plastiki lenye mafuta kwa maji baridi: maji hupita na mafuta hubaki, wala si kwa uchache wa maji, bali kwa kuwa mafuta hushikamana na plastiki kuliko yanavyochangamana na maji. PCB nazo huyakimbia maji na kung'ang'ania mabaki ya viumbe yaliyooza, ambayo hugandamana na chembe za tope. Kadiri chembe zilivyo ndogo ndivyo sumu inavyopata pa kushika, na ndiyo maana mchanga unaopigwa na mawimbi unaweza kuwa karibu safi ilhali tope la ghuba tulivu iliyo jirani limesheheni.

Kung'ang'ania huko hakumaanishi kudumu milele. Wapo bakteria wa tope lisilo na oksijeni wanaong'oa klorini mojamoja kutoka kwenye molekuli, ingawa kasi yao hutofautiana mno kati ya mahali na mahali, na molekuli iliyopunguziwa klorini si lazima iwe haina madhara.

Mashapo mapya yangeweza kuizika sumu hiyo taratibu, lau si minyoo, ambayo huchimba vishimo na kulipandisha tope la chini juu. Kuchimbua tope kwa mashine nako hutibua chembe zilizokwisha kutulia. Kwa hiyo, mahali pengine wahandisi huliacha lilipo na kulifunika kwa tabaka la mchanga safi, ambalo unene wake hupangwa uzidi kina cha vishimo vya minyoo.