Mtoto wa kilo nne na nusu, na sukari iliyoshuka

Bibi huingia wodini uso ukimeremeta: "Dume hili, kilo nne na nusu!" Mimi niliyesimama pembeni na kipima sukari huwa nawaza jambo moja: mama yake alikuwa na kisukari cha mimba?

Tumboni, sukari ya mama huvuka kondo la nyuma, lakini insulini yake, homoni inayoshusha sukari, haivuki. Ikiwa sukari ya mama iko juu, kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, na ndiyo inayomnenepesha. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma papo hapo, insulini ya mtoto inabaki ileile. Ndani ya saa moja au mbili sukari yake inaweza kuwa imeshuka vibaya. Mafuta yake hayamsaidii, kwa kuwa insulini hiyohiyo huyazuia yasigeuzwe nishati.

Njiti, wenye uzito mdogo, waliochelewa kulia na waliopoa mwili nao tunawapima.

Kusubiri dalili ni hatari. Wapo wanaotetemeka, wapo wanaolegea au kukataa titi, wapo wanaopata degedege, lakini wengi hulala kimya tu. Nikiambiwa "mwache, daktari, amechoka na safari," naomba kisigino chake kwanza. Tone moja la damu linatosha.

Sukari ya damu ikisoma chini ya 2.5 mmol/L kwenye kipimo, hatusubiri. Akiwa macho na anaweza kunyonya, dawa ya kwanza ni titi, ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, maana mtoto aliyepoa hutumia sukari yake kujipasha joto. Asipovuta vizuri, mama anakamua dang'a, tunamnywesha kwa kikombe. Maji ya sukari ya nyumbani, hapana kabisa.

Aliyezidiwa hupewa dekstrosi, maji ya sukari ya hospitali, ya 10% kwenye mshipa, mililita 2 kwa kila kilo, polepole. Ile ya 50% haiingii kwa kichanga bila kuzimuliwa, huunguza mishipa. Na hapa nawasihi wenzangu: msiishie kwenye sindano hiyo. Kwa mtoto mwenye insulini nyingi, sukari hupanda kisha huanguka tena, kwa hiyo dripu ifuate mara moja na kipimo kirudiwe baada ya dakika 30.

Mama mwenye kisukari, ukifika chumba cha kujifungulia mwambie mkunga kwa mdomo wako, hata kama kadi ya kliniki imeshaandikwa. Tutamsubiri mtoto na kipima sukari mkononi.