Koneksini ya kichupani si dawa ya masikio

“Daktari, dawa yenyewe hii hapa inauzwa, tuchange tuagize.” Wazazi wanaokuja kliniki hapa Malindi wamenionyesha picha hii ya kichupa cha koneksini 26 ya binadamu, protini inayohitajika katika kusikia, mara nyingi mno. Wamesoma kwamba jeni ya GJB2 ikiwa na kasoro mtoto huzaliwa hasikii, na kwamba jeni hiyo ndiyo inayotengeneza koneksini 26. Basi kilichokosekana kinunuliwe, adungwe.

Jamani, msiagize. Protini ile hutengenezwa na bakteria, au seli zinazokuzwa maabarani, zikishapewa nakala ya jeni ya binadamu. Mara nyingi hata si protini nzima, ni kipande tu. Watafiti huitumia, kwa mfano, kuhakikisha kingamwili zao (protini za kutambua kitu fulani) zinashika koneksini hasa na si kitu kingine. Huuzwa kwa utafiti peke yake, si kwa kumpa mtu.

Na hata ingekuwa nzima na safi, isingemsaidia. Koneksini haifanyi kazi ikielea kwenye damu. Hukaa ndani ya utando wa seli, ikiupenya mara 4. Koneksini 6 hujipanga duara zikafanya nusu ya mfereji, seli ya jirani ikaleta nusu yake, zikashikana. Hapo ndipo potasiamu na molekuli ndogo hupita kutoka seli hadi seli ndani ya koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Mpango wote huo seli huufanya yenyewe, kutokea ndani. Tena koneksini hudumu saa chache, zikavunjwa na kuundwa nyingine, usiku na mchana. Sindano ya mkononi itafikaje huko?

Isitoshe, wengi wanaoniletea picha hizo mtoto hajapimwa jeni kabisa. Ukiacha chache kama Ghana, GJB2 si sababu ya kawaida katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zilizochunguzwa. Homa ya uti wa mgongo na manjano kali ya uchangani nazo huua usikivu.

Wengine hushikilia kwamba kwao hakuna kiziwi, kwa hiyo si ya kurithi. Sivyo. Wazazi wanaosikia vizuri wanaweza kila mmoja kubeba nakala moja yenye kasoro, na kila mimba ikawa na uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kurithi zote mbili. Wakiwa binamu, uwezekano wa kubeba kasoro ileile huongezeka. Laana haimo.

Habari za 2024 za watoto waliopata kusikia kwa tiba ya jeni? Zilihusu OTOF, jeni nyingine.

Na “tungoje, babake pia alichelewa kusema” ndilo linaloniuma. Mtoto apimwe usikivu kikamilifu kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Wengi wenye kasoro ya GJB2 neva ya sikio ni nzima, ndiyo maana kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa sikioni kwa upasuaji, huwafaa. Mashine ya masikio ivaliwe kutwa, na nyumba nzima, bibi akiwemo, ijifunze lugha ya ishara. Pesa ya kichupa inunue betri na plastiki mpya ya kuingiza sikioni, kwa sababu mtoto hukua, na ile ya zamani ikilegea mashine hupiga mluzi. Unyevu wa Pwani nao huziharibu: usiku zilazeni ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mahali mtoto hafiki.